Mbalamwezi ikitoka, Rumonge hula maharage

Mpishi wa Rumonge, Burundi, hahitaji kalenda ya ukutani kujua wiki ijayo atapika nini. Hutoka uani jioni, akatazama juu. Mwezi ukiwa haujachomoza, au umebaki kipande chembamba kama ukucha, anajua asubuhi ndagala, samaki wadogo wa ziwani, watakuwepo sokoni, wabichi, bado wanateleza mkononi. Ukiwa mpevu, anarudi ndani kuchambua maharage na kuyaloweka.

Sababu ni uvuvi wenyewe. Ndagala wa ziwa Tanganyika huvuliwa gizani kwa taa. Wavuvi hufunga mitumbwi miwili sambamba kwa miti, hushusha wavu katikati, huwasha taa juu ya maji na kungoja. Vijidudu vya majini hufuata mwanga, ndagala hufuata vijidudu, samaki aitwaye mukeke hufuata ndagala, kisha wavu hupandishwa na wote wamo. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni balbu za betri na za sola. Lakini hakuna balbu inayoshindana na mbalamwezi. Ziwa lote likiwaka, ndagala hutawanyika, hawana haja ya kusongamana chini ya taa ya mtu. Basi kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi hulala ufukoni, nyavu hushonwa, na nyumba zinazoishi kwa samaki hula kisicho samaki.

Watu wa Bujumbura hukizungumzia chakula cha ziwa kana kwamba ni mukeke wa kuchoma tu, na chupa ya baridi pembeni. Huo ni mlo wa mgeni, au wa Jumamosi. Upishi wa ukingo huu wa ziwa, nionavyo mimi, umeumbwa zaidi na zile siku za mbalamwezi. Ni upishi wa watu waliojifunza cha kufanya wanapokosa.

Barabara ya taifa namba 3 hutoka Bujumbura maji yakiwa kulia kwako na milima kushoto. Hupita Magara na Minago, hufika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 75, kisha huendelea Nyanza-Lac. Kusini zaidi, nchi inapokaribia kwisha, ndipo ilipo Kabonga. Ukivuka mpaka umeingia Kagunga ya Tanzania, na boti za Kigoma zinangoja. Kwenye karatasi za serikali eneo hili limehamahama: Rumonge ilikuwa tarafa ya Bururi, ikawa mkoa mwaka 2015, na katika ramani mpya ya mikoa 5 iliyoanza kazi 2025 imewekwa Burunga. Masufuria hayakuhama. Sokoni bado mtu huanza kwa Kirundi na kumalizia ubishi wa bei kwa Kiswahili.

Samaki wa hapa wana majina mengi kuliko vitambulisho vyetu. Huyu ndagala, ukishuka Kigoma ni dagaa. Mukeke wa Burundi, Kigoma ni mgebuka. Juu yao yuko sangala, mkubwa na mnono, na kuhe, ambaye wenye kumjua hawamuuzi kabla ya kuwauliza nyumbani kwao. Ndagala ni jamaa wa dagaa wa baharini. Mababu zao waliingia maji baridi zamani sana na kubaki humu, wakawa aina mbili ambazo asili yao ni ziwa hili tu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua aina moja wakaipandikiza ziwa Kivu, na mwaka 1967 na 1968 ikapelekwa bwawa la Kariba. Anayetafuna sambaza Goma, au kapenta upande wa Zambia, anakula mjukuu wa Tanganyika.

Ndagala mbichi hupikwa upesi. Huoshwa kwa maji mengi hadi maji yatulie bila mchanga, hutiwa chumvi na ndimu, kisha ama hukaangwa kwenye mawese hadi walie wakitafunwa, ama hupangwa sufuriani juu ya kitunguu na nyanya na kuachwa wajipike. Mwiko hauingii. Sufuria hushikwa masikio mawili ikatikiswa, kwa sababu ukikoroga umepata uji wa samaki. Pilipili huwekwa nzima juu, isipasuke, ili harufu yake ishuke na ukali ubaki kwa anayeutaka.

Ila ndagala mbichi ni wa siku moja. Utajiri wa ukingo huu uko kwa ndagala mkavu, na ukavu wake una historia ya mapambano na mchanga. Kwa miaka mingi samaki walimwagwa ufukoni, jua likawakausha juu, mchanga ukawapaka chini, kuku na mbuzi wakachukua fungu lao. Mvua ikinyesha ghafla, jasho la usiku mzima linaoza mbele ya macho ya watu. Kuanzia mwaka 2004 mradi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ulionyesha pale Mvugo, Nyanza-Lac, vichanja vya nyavu za waya vilivyoinuliwa kutoka chini. Upepo hupita pande zote mbili, na mvua ikija ni kufunika tu. Waliofanya kazi hiyo kwa wingi ni wanawake, na ndio walioona faida kwanza: samaki asiye na mchanga huuzwa ghali zaidi na husafiri mbali zaidi, hadi milimani Gitega. Mimi nimekulia ndagala wa mchanga, na nakiri kuna siku meno yangu huutafuta ule mkwaruzo.

Kilo moja ya mkavu imekula zaidi ya kilo tatu za mbichi, kwa hiyo hamwagi mtu hata vumbi lake. Chenga za chini ya gunia hukaangwa kavu bila mafuta, zikapoa, zikatwangwa zikawa unga. Unga huo ndio benki ya siku za mbalamwezi. Kijiko kimoja kwenye maharage, viwili kwenye sombe ya majani ya muhogo, nusu kwenye uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa la mama. Watoto wa hapa hupata mifupa ya samaki kabla hawajajua samaki ana mifupa.

Mukeke ni habari nyingine. Ana mafuta, nyama yake laini, na hasamehe. Mara ya kwanza kumpika mwenyewe nilikuwa nimepanga chumba karibu na soko. Nilimpasua vizuri, nikamweka juu ya makaa, kisha wasiwasi wa mtu mwenye njaa ukanishika: nikamgeuza, nikamgeuza tena, mara ya tatu kichwa kikabaki upande mmoja wa wavu na mkia upande mwingine, katikati ikadondokea motoni. Bibi mwenye nyumba aliyatazama yote akiwa amekaa kwenye mkeka wake, hakusema neno. Nilipokwisha kuokota nilichoweza, aliniambia kwa upole kwamba mukeke hugeuzwa mara moja tu, na kabla ya hapo makaa hutulizwa kwa majivu. Chumvi na ndimu huingia nusu saa kabla. Kitunguu na nyanya hukaangwa pembeni na kumwagiwa juu mwishoni, siyo kupikwa naye. Kando yake ni ndizi, au bugali wa muhogo. Alinipa na kipande cha wake. Nilikila nikiwa nimeinamisha kichwa.

Sasa mawese, ambayo bila hayo hakuna cha kusimulia. Rumonge ni mji wa michikichi kama ulivyo mji wa samaki. Ukitoka barabarani hatua mia unaanza kusikia mashinikizo. Mikungu hukatwa, ikaachwa siku kadhaa hadi chikichi zilegee, zikachemshwa kwenye mapipa, zikapondwa na kukamuliwa kwa skrubu inayozungushwa na vijana wawili au watatu. Kinachotoka ni tope jekundu. Huchemshwa tena ili maji yashuke na mafuta yaelee. Makapi hurudi motoni yakawa kuni za mzigo unaofuata. Kokwa hupasuliwa baadaye, na hata zenyewe hutoa mafuta, mengi yakiishia kwenye sabuni. Kuna mchikichi wa zamani wenye kokwa nene na nyama kidogo, na ule ulioboreshwa wenye nyama nyingi, ambao mkulima huupenda kwa sababu hujaza pipa.

Mti huu si mgeni wa jana. Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 aliwakuta watu wakiyajua mawese na kuyafanyia biashara, na mchikichi aliutaja kwa jina hilohilo la Kiswahili. Asili yake lakini ni magharibi ya Afrika. Vivyo hivyo kwa jirani zake ndani ya chungu. Muhogo, maharage, mahindi, nyanya na pilipili, vyote mababu zao ni wa Amerika, vilivushwa bahari baada ya Wareno kuanza safari zao. Ndizi na mchele vimetoka Asia. Ukiambiwa utenge kwenye sinia la Rumonge kile tu kilichozaliwa hapa, utabaki na samaki na maji ya kunawa. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaomfunga mdomo binti wa watu akiweka kitu kipya sufuriani, wakidai anaharibu chakula cha asili. Aliyetia maharage ya kwanza kwenye mawese alikuwa anajaribu, na pengine mama mkwe wake alinuna.

Juu ya mawese kuna mabishano ambayo sijaona yakiisha. Wapo wanaoyapasha moto sana hadi wekundu upotee na harufu ikatike, ndipo watie kitunguu. Wapo wanaosema huko ni kuyaua. Sayansi iko upande wa hawa wa pili: wekundu ule ndio ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A, na moto mkali huuteketeza. Ulimi wangu umegawanyika. Kwa samaki, nayataka yamepashwa kidogo, harufu imetulia. Kwa maharage, nayataka mabichi, yamwagwe mwishoni sufuria ikiwa imeshaepuliwa, yafunikwe dakika tano. Burundi ni miongoni mwa nchi zinazokula maharage mengi zaidi duniani, na huko milimani huyala bila kelele nyingi. Hapa chini, kijiko cha mawese na kijiko cha unga wa ndagala huyafanya chakula cha kumwita jirani.

Muhogo hubeba yote hayo. Bugali wa muhogo mweupe, unaonata kiasi cha kumshika samaki bila msaada, ndio mkate wa ukingo huu. Mizizi ya aina chungu hailiwi hivihivi; hulowekwa siku kadhaa majini ichachuke, ikianikwa ndiyo Warundi huiita ikivunde, na ule ukali wa mbali unaousikia kwenye bugali mzuri umetoka humo. Kuna pia ubuswage: muhogo uliochachuka, ukapondwa, ukafungwa kwenye majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Ng'ambo kule Uvira na Fizi wana ndugu yake, na wavuvi wa pande zote mbili huubeba mtumbwini kwa sababu haumwagiki wala haupoi kwa haraka.

Majani ya muhogo ni sombe, isombe kwa Kirundi, kisamvu kwa Watanzania. Huchumwa machanga, hutwangwa kinuni hadi yatoe maji ya kijani, kisha huchemshwa muda mrefu chungu kikiwa wazi mwanzoni. Siyo ulimbwende: majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoitoa. Ndipo huja kitunguu, biringanya ukipenda, karanga zilizosagwa, mawese. Na ikiwa ni wiki ya mwezi mpevu, ule unga wa ndagala. Ningeambiwa nichague chakula kimoja cha kuiwakilisha Rumonge ningemwacha mukeke na kuchukua hiki. Mukeke hutegemea bahati ya usiku mmoja. Sombe ya ndagala mkavu imekusanya kazi ya mvuvi, ya mwanikaji, ya mkulima, ya mwenye shinikizo na ya mtwangaji, na huliwa siku ambayo wote hao hawana kitu kipya cha kuuza.

Kuna jambo jingine lililoingia chunguni, na halikuingia kwa furaha. Tarehe 29 Aprili 1972 vurugu zilianzia Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini yaliangamiza watu wengi mno. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, kwa mitumbwi na kwa miguu, wakapelekwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba mengi yaliyoachwa Rumonge yaligawiwa wengine, na miradi ya serikali ikapanda michikichi. Waliokimbia walizaa huko Tanzania, wakazeeka huko. Wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa 2014. Wengine walirudi, hasa baada ya vita vya miaka ya 1990 kupoa, wakakuta mchikichi wa mtu mwingine juu ya kaburi la babu. Kesi hizo zilijaza mafaili ya tume ya taifa ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, na nyumba nyingine hazijasalimiana hadi leo.

Waliorudi walirudi na mapishi. Mtoto aliyekulia Mishamo alizoea ugali wa mahindi, na bugali wa bibi yake ulimkwama kooni. Suluhu iliyopatikana majikoni ni ya kienyeji kabisa: unga huchanganywa, muhogo kwa mahindi, na kila nyumba ina kipimo chake kinachoonyesha nani mwenye sauti humo ndani. Walirudi na mchicha wa karanga, ambao hapa majani yake huitwa lengalenga, na mazoea ya chai ya asubuhi yenye kitafunwa. Pilau haikuwasubiri: familia za Waislamu wa Rumonge, kama wenzao wa Buyenzi kule Bujumbura, waliipika kwa Idd na harusi zamani, kwa mchele wa bonde la Imbo. Nazi ndiyo shida, kwa kuwa hapa ni kitu cha safari. Karanga zimeshika nafasi yake katika michuzi mingi, na nimeshakula wali wa karanga uliomfanya mgeni wa kutoka Tanga anyamaze, jambo ambalo kwa watu wa Tanga mbele ya wali si dogo.

Majaribio hayajasimama. Sambusa nilizozila karibu na kituo cha magari, nikidhani ni za nyama, zilikuwa za ndagala waliokaangwa na kitunguu kingi na bizari. Kutoka Kongo limevuka pishi la kufunga samaki kwenye majani ya mgomba pamoja na nyanya na pilipili na kumzika kwenye makaa. Mukeke aliyefanyiwa hivyo hageuzwi hata mara moja, na laiti ningalijua mapema. Si kila jaribio lina heri. Kuna mchemraba wa supu wa dukani ambao umeingia kila chungu kuanzia Gatumba hadi Kabonga, na siku hizi hata sombe yenye mawese mazuri na ndagala wazuri hutiwa miwili. Chakula chote kinaanza kuwa na ladha moja.

Na ziwa lenyewe linapunguza ukarimu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti unaoonyesha kwamba maji ya Tanganyika yanapopata joto, tabaka la juu na la chini huchanganyika kwa shida, rutuba iliyo kilindini haipandi, na chakula cha samaki hupungua. Walikadiria upungufu wa samaki kufikia kama asilimia 30. Mwaka huohuo nchi 4 zinazoligawana ziwa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza pamoja, na makao ya mamlaka yake yako Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Miezi mitatu ni mbalamwezi ndefu. Ukiongeza petroli inayokosekana Burundi miaka ya karibuni, kuna usiku wa giza totoro, giza zuri la kuvua, ambao mashine za boti hazikuwaka.

Bei ya mukeke imemhamisha kwenda mezani kwa wenye gari. Nyumba za kawaida zimebaki na ndagala, na ndagala naye ameanza kupimwa kwa kikombe mahali palipokuwa pakipimwa kwa beseni. Hapo ndipo ule ustadi wa siku za mwezi mpevu unapofanya kazi mwezi mzima: unga kidogo zaidi, majani mengi zaidi, karanga pale samaki alipopungua, mawese yakimwagwa mwishoni ili yanukie kabla mtu hajaonja.

Yule bibi aliyenifunza mukeke huweka kopo lake la unga wa ndagala juu ya kabati, nyuma ya vikombe vya wageni. Wajukuu wanajua lilipo, na yeye anajua kwamba wanajua. Kiwango hushuka kwa upana wa kidole kila wiki na hakuna anayeulizwa. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa amekaa nje jioni, maharage jikoni, akiutazama mwezi uliokwisha kuliwa upande mmoja. Alihesabu kwa vidole. Siku nne, alisema, tano wakikosa petroli.